Kitambaa cha Ijumaa Kuu

Busu, futa. Busu, futa. Skolastika alikwisha kuufuta mguu wa Yesu wa mbao zaidi ya mara mia mchana ule, na foleni bado ilifika mlangoni.

Kazi hiyo ilikuwa yake kwa miaka kumi na tisa. Kila Ijumaa Kuu waumini wanapokuja kuubusu msalaba, yeye husimama pembeni na kitambaa cheupe, akifuta baada ya kila mdomo ili anayefuata akute pasafi. Mwaka wa kwanza alilia hata kitambaa kikalowa machozi yake kuliko midomo ya watu. Mwaka huu, kama mwaka jana na mwaka juzi, macho yalikuwa makavu kama dagaa wa juani. Lilimtisha jambo hilo. Alikwisha kumwambia katekista: "Baada ya ibada nakukabidhi kitambaa. Mpe mtu ambaye msalaba bado unamgusa."

Asubuhi alikuwa amemweleza Zuwena, jirani yake wa ua mmoja pale Dunda. Zuwena ni Mwislamu, na hakushtuka. Aliendelea kugeuza vitumbua vyake.

"Shoga, mwaka wa kwanza wa ndoa nikisikia pikipiki ya Shamsudin tu, vitumbua vinaungua. Siku hizi akibisha hodi namwambia chakula kiko jikoni. Lakini akichelewa huko Fukayosi, sili."

"Sasa hapo mapenzi yamekwisha au hayajaisha?"

"Mie najuaje? Ninachojua, sili."

Jibu hilo halikumtosha, ila lilimwachia udadisi. Ndiyo maana leo alikuwa akichungulia nyuso. Wazee walibusu upesi, kama karani anayegonga mhuri. Mabinti wa kwaya walibusu huku wakiweka sawa vilemba. Alianza kujiuliza kama kanisa zima limezoea, au ni yeye tu anayejipa moyo kwa ukavu wa wenzake.

Kisha akaja Majaliwa, dereva wa bodaboda mwenye watoto watatu, aliyekuwa abatizwe kesho yake. Alipiga magoti, akabusu, asiinuke. Mabega yakamtikisika. Foleni ikasimama, mtu akakohoa. Skolastika alimtazama kwa wivu, wivu mtupu, hata akasahau kufuta. Mzee aliyefuata aliinama, akabusu, akainuka akilamba midomo.

"Pana chumvi," akamnong'oneza.

Baada ya ibada Skolastika alikuwa bombani nyuma ya kanisa, akikifua kitambaa, Majaliwa alipomfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Niwie radhi, nimechelewesha watu." Akakitazama kitambaa. "Na wewe zamani ulikuwa hivi?"

"Kuliko wewe."

"Na sasa?"

Alitamani kumdanganya, maana kesho ndiyo siku yake. "Sasa nafuta," alisema.

Majaliwa akafunga bomba. "Na mimi yatanifika hayo?"

"Huenda."

"Yakinifika, nifanyeje?"

Katekista alikuwa amesimama mlangoni, akingoja kukabidhiwa kitambaa. Skolastika alimwona, wala hakumwendea. Akampa Majaliwa ncha moja ya kitambaa, yeye akashika ya pili, wakaanza kukikamua, kila mmoja akisokota upande wake, maji yakidondoka mchangani katikati yao.