Kibuyu cha Micah

Nilimchukia Chepngeno kabla hatujasalimiana. Nasema wazi, maana wengi waliojua mambo haya wameshakwenda zao, na uzee umeniondolea aibu.

Nilishuka treni pale Elburgon mwaka wa 1954, bibi arusi wa miezi miwili, nimefunga kibuyu cha mume wangu kifuani kwa shuka kama mtoto mchanga. Micah alikuwa amekuja stesheni kunipokea. Kando yake alisimama mwanamke mrefu mwenye meno meupe, na wote wawili walikuwa wanacheka. Walicheka nini? Sikuambiwa siku ile, na sijaacha kujiuliza.

"Cheptanui, huyu ni Chepngeno, bibi ya Kemboi wa reli," Micah akasema. "Ni wa upande wa Kericho kama sisi."

Chepngeno alinishika mkono kwa mikono miwili, kisha akatoa kwapani fungu la vijiti vilivyofungwa kwa kamba.

"Chamgei, dada. Hii ni senetwet. Huku juu kwa baridi utaitafuta mpaka uchoke. Mimi naletewa na treni kutoka nyumbani. Chukua, na ikiisha uniambie."

Kwa asiyetoka kwetu, nitaeleza kidogo. Maziwa yetu ya kulala, mursik, hayawi mursik kwa sababu yamelala tu. Unachoma kijiti cha mti unaofaa, na kwetu unaofaa ni huo senetwet, mpaka kiwe kaa jekundu, unakitia ndani ya kibuyu, unakisaga kwa fimbo ya kusugulia mpaka kibuyu king'ae kwa ndani, ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Baada ya siku chache unapata kitu kizito, chenye rangi ya majivu kidogo, na mwanamume akikinywa anajua yuko kwake. Mti ndio unaotoa ladha. Kila mke ana mkono wake, na mume anaujua mkono huo kama anavyojua sauti ya mkewe. Tena mama yangu alinifundisha kwamba kibuyu cha mume ni cha mume peke yake. Mke anakitengeneza, anakijaza, anakitundika. Kukionja haonji.

Basi Chepngeno alinyoosha lile fungu lake, mbele ya mume wangu, na Micah akatabasamu kana kwamba ndiye aliyepewa.

"Asante," nikasema. "Mimi niko nazo."

Sikuwa na hata kijiti kimoja. Vilikuwa vimesahaulika kwa mama kwenye vurugu za kuagana. Lakini ningekufa kwanza kabla mume wangu hajanywa maziwa yenye moshi wa mwanamke mwingine.

Tulipewa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Wakikuyu walikuwa wameondolewa na serikali mwaka uliotangulia kwa sababu ya Mau Mau, kiwanda kikabaki bila watu, na hivyo ndivyo Micah alivyopata kazi ya kunoa misumeno. Ukutani tulikuta misumari ambayo mtu mwingine alikuwa akitundikia koti lake. Mmoja niliutundikia kibuyu.

Nilitafuta senetwet wiki nzima. Nilizunguka kingo za mashamba ya wazungu, nikapanda mpaka mwanzo wa msitu wa Mau, nikarudi na miba miguuni. Kwenda kwa Chepngeno ilikuwa ni dakika tano tu, nyumba za reli zilionekana kutoka mlangoni kwangu. Sikwenda. Micah alikuwa akiniletea vipande vya mbao kutoka kiwandani vya kupikia, na vingi vilikuwa vya mwerezi, ule tunaouita tarakwet. Ukiuchoma unanukia vizuri. Nikajiambia, mti unaonukia hivi, ambao wazee wanauheshimu, utakosaje kufaa? Nikauchoma, nikasaga, nikasugua, nikamimina maziwa.

Siku ya kwanza Micah alikunywa kikombe kizima. Akafuta masharubu kwa kiganja. Halafu akasema, "Asante, mama. Maziwa mazuri."

Nilicheka peke yangu kando ya jiko. Nilimwambia Chepngeno moyoni: kaa na vijiti vyako.

Tulikuwa tunapata chupa moja ya maziwa kwa siku kutoka kwa mchungaji wa ng'ombe wa shamba la jirani, na yote yaliingia kwenye kibuyu. Mimi nilikunywa chai ya rangi. Miaka miwili na nusu nilikunywa chai ya rangi, na sikunung'unika, kwa sababu kila Jumatatu na kila Alhamisi Micah aliondoka na kibuyu chake kwenda kazini, na jioni kilirudi kitupu. Mtoto nilikuwa bado sijapata. Kanisani wanawake walinitazama tumboni kabla ya kunitazama usoni. Kwa hiyo kile kibuyu kitupu kilikuwa ndicho cheti changu cha ndoa. Nilikuwa nakitikisa sikioni, nasikia hakuna kitu, nafurahi.

Chepngeno naye alizaa wa pili katika miaka hiyo, na Kemboi wake alikuwa anakaa wiki tatu kwenye njia ya reli bila kurudi. Nilihesabu miezi kwa vidole. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikonda kweli, hata magauni yangu yalijua. Akiimba kanisani nilisikia sauti yake tu. Akimsalimu Micah nilitazama ni nani ameachia mkono kwanza.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwaka wa 1957, msimu wa mvua. Micah alirudi kazini akaniinamia kunipa koti lake lililolowa, na harufu ikanipiga usoni kutoka kwenye masharubu yake. Ilikuwa senetwet, harufu ya nyumba ya mama yangu. Kuna harufu ambazo mtu anaweza kuzikosea, lakini hiyo mwanamke wa kwetu hawezi.

Nilichukua kibuyu. Kilikuwa kitupu kama kawaida.

"Umekunywa maziwa?" nikauliza.

"Nimemaliza yote."

"Yalikuwaje?"

"Mazuri, mama. Kama siku zote."

Sikulala na mawazo mengine ila hilo moja. Kama angekuwa ameenda kwa mwanamke wa mjini Nakuru, mwenye viatu na poda, ningelia nikamaliza. Lakini kunywa mursik kwa mwanamke mwingine! Mwanamume anayekaa akanywa maziwa ya kulala kwenye nyumba ya mtu amekwisha kukaa humo. Hayo si mambo ya kuteleza siku moja. Asubuhi nilitoa sanduku langu chini ya kitanda, nikakunja magauni yangu matatu ndani yake. Treni ya kwenda upande wa nyumbani ilikuwa inapita Jumamosi. Nilitaka tu nimwone Chepngeno kwanza, nimseme mpaka meno yake yale meupe yajifiche.

Nilimkuta saa sita mchana, anamenya viazi. Sikupiga hodi. Niliingia, nikatazama ukutani. Kulikuwa na vibuyu vitatu vimetundikwa. Cha tatu kilikuwa na mkanda wa ngozi wenye shanga za buluu na nyeupe. Mkanda ule niliushona mimi, Krismasi ya mwaka uliotangulia. Micah alikuwa ameniambia umekatika kwenye mashine ya kiwanda.

"Hiyo kibuyu ni ya nani?" nikauliza.

Chepngeno aliweka kisu chini. Hakujifanya hajui.

"Ni ya Micah."

"Bwana yangu ana kibuyu kwa ukuta yako."

"Iko hapa tangu mwaka juzi."

Nilimtukana. Maneno yale siyarudii, mengine yalimhusu mama yake ambaye hakuwa amenikosea kitu. Nikamwuliza yule mtoto wake wa pili ni wa nani. Hapo uso wake ulibadilika, nikafikiri atanipiga, na nilitaka anipige. Badala yake aliinuka, akachukua kikombe, akatungua kibuyu chake mwenyewe, si kile cha shanga, akamimina.

"Kunywa," akasema.

"Sinywi chako."

"Kunywa, Cheptanui. Matusi iko, haitaisha."

Nilikunywa ili niupate ubaya wake. Nilitafuta kosa kwa ulimi, nikazungusha maziwa mdomoni nikitafuta hata punje moja ya kaa isiyosagwa. Hakukuwa na kosa. Yalikuwa mazito, makali kidogo mwishoni, na nilikuwa sijayaonja tangu nitoke kwetu. Machozi yalinitoka, na kwa hayo pia nikamchukia.

"Sasa enda nyumbani," akasema, "uonje ile yako. Ukimaliza, kama bado uko na matusi, nitakuwa hapa namenya viazi."

"Cha mume hakionjwi."

"Najua. Ndio shida yako."

Nikatungua kibuyu chenye shanga zangu, nikaondoka nacho bila kuaga.

Nyumbani nilikaa muda mrefu nikitazama kibuyu changu kwenye msumari. Kilikuwa na maziwa niliyoyamimina usiku wa jana kwa mazoea, yangoje Jumatatu. Niliufunga mlango. Nilimwomba mama yangu msamaha kwa sauti, nikamimina kidogo, nikanywa.

Nilitema. Yalikuwa machungu kama dawa ya minyoo, na nyuma ya uchungu kulikuwa na utomvu unaonata kooni, mtu anahisi amelamba ubao mbichi. Nikanywa tena, nikidhani nimekosea. Nikatema tena. Miaka miwili na nusu, kila siku chupa moja. Chai yangu yote ile ya rangi! Na yeye alikuwa akimwaga wapi? Nyuma ya kiwanda, kwenye vumbi la mbao? Alikuwa akiwapa mbwa wa mlinzi?

Hasira niliyokuwa nayo kwa Chepngeno ilikuwa kitu kidogo kando ya ile iliyonijia sasa. Angekuwa amempa mwili wake, ningeshindana. Lakini mume wangu alikuwa amenihurumia. Alikuwa amenionea huruma mara mbili kwa wiki, na kunishukuru juu ya hayo.

Micah aliporudi jioni alikuta vibuyu viwili mezani, na sanduku langu mlangoni. Alisimama na koti mkononi.

"Chagua," nikamwambia.

Alivitazama. Hakusema uongo, hakusema ukweli. Alivuta kiti, akachukua kibuyu changu, cha mwerezi, akamimina mpaka kikombe kikajaa, akanywa bila kupumzika na bila kukunja uso. Kisha akafungua mdomo.

"Usiseme mazuri," nikamwambia. "Micah, ukisema mazuri naondoka sasa hivi kwa miguu."

Akafunga mdomo. Nikachukua kikombe kilekile, nikamimina, nikanywa mbele yake. Alishtuka, akanyoosha mkono kunizuia, maana hata yeye alilelewa kama mimi. Nilimeza yote. Tulitazamana, midomo yetu myeusi, na mimi nikakunja uso wangu wote kwa niaba ya wawili.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalinyima tumbo lako maziwa ili ninywe mimi," akasema. "Ningekuambiaje?"

"Kwa hiyo ukaenda kwake."

"Nilienda kwa maziwa. Nilikuwa nakonda, mama. Nilimwomba asikuambie. Yeye alisema nikuambie tangu siku ya kwanza. Alisema, 'Mke wako alikataa vijiti vyangu stesheni, mwulize kwa nini.' Sikukuuliza. Kwa nini ulikataa?"

Kama ningepokea lile fungu siku ile, mume wangu hangekanyaga mlango wa Chepngeno hata mara moja. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia, na nikakaa miaka miwili na nusu namlinda asiipite.

Jumamosi treni ilipita bila mimi. Nilikuwa njiani kwenda nyumba za reli, dakika tano, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Chepngeno alikuwa anafua. Niliyatafuta maneno ya kuomba radhi, hasa kuhusu yule mtoto, na nikatoa machache, mabaya. Hakunisaidia kuyatoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na fungu lililofungwa kwa kamba.

"Mimi niko nazo," akasema kwa sauti yangu mimi, ile ya stesheni, na akacheka.

Nilipokea. Sikucheka.

Kibuyu cha shanga nilikitia mbegu za maharagwe, hakijawahi kuona maziwa tena. Kile changu nilikikwangua siku tatu, nikachoma senetwet, nikasaga vizuri kuliko nilivyowahi kusaga kitu. Nilipomimina, Micah alikunywa akanyamaza. Hakusema asante, wala hakusema mazuri. Alinyoosha kikombe tu, niongeze. Miaka yote aliyonisifu sikuwahi kushiba sifa zake, na siku aliponyamaza nilishiba.

Lakini alipokuwa anameza kikombe cha pili alifumba macho.

"Micah," nikamwambia, "fungua macho. Nataka uone ni nani aliyekumiminia."