Mahali pa Kapteni Khatibu

Tangu Kapteni Khatibu azikwe, Kasulu walicheza kriketi wakiwa kumi badala ya kumi na mmoja. Hakuna aliyetoa amri. Mchezo wa kwanza baada ya arobaini, kila mtu alikwenda kusimama mahali pake, na mahali pa Kapteni, nyuma ya mpigaji, kuliani kwa Hilali, hapakukanyagwa. Ikawa ada.

Hilali ndiye aliyedaka mipira nyuma ya vijiti, na sasa ndiye nahodha. Kwa miaka alichuchumaa pale akisikia pumzi za Khatibu ubavuni, pumzi nzito za mtu wa pumu. Alizisikia bado. Mrushaji akianza kukimbia, zinaanza; mpira ukipita, zinakatika. Hakumwambia mtu, hata Zena mkewe.

Kiangazi cha mwaka 1976 Kibondo walikuja kwa lori la mihogo. Nahodha wao, Tamimu muuza chumvi, akamvuta Hilali kando.

“Mpo wangapi leo?”

“Kumi.”

“Ndugu yangu, tunacheza na timu au tunacheza na kaburi?”

Hilali akageukia kuliani kwa vijiti, palipo wazi.

“Wapigaji wangu wanaogopa kupeleka mpira upande ule. Mmoja aliupeleka mwaka jana, akaugua homa, mama yake akanijia juu. Khatibu alitufundisha na sisi. Alitukuta tunajua kandanda tu, akaja na gongo lake la kupigia na mpira alioshonewa na fundi viatu. Mkicheza kumi leo, hatuji tena. Halafu mtacheza na nani? Na mbuzi wa Heru Juu?”

Watu wakacheka. Hilali hakucheka, maana alijua Tamimu si mtu wa kutishia bure. Akatazama nyasini alikokaa Havyarimana, fundi baiskeli, mkimbizi kutoka Burundi. Khatibu alikuwa amemfundisha kudaka katika miezi yake ya mwisho.

“Baba Esteri, ingia,” akamwita.

“Nisimame wapi?”

Hilali akaonyesha kwa kidole. Melkiadi, mrushaji wao, akauachia mpira ukaanguka.

“Pale? Mgeni?”

“Khatibu naye alikuja juu ya lori,” akasema Hilali taratibu.

Havyarimana akavua kandambili kando, kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akapakanyaga.

Tamimu akaingia kupiga. Melkiadi akaja mbio, akarusha. Mpira ukaparuza ukingo wa gongo, ukaruka moja kwa moja kuliani. Havyarimana akanyoosha mikono. Ukamgonga kifundo cha mkono, ukaanguka.



“Kapteni angeudaka,” akasema Melkiadi.

“Ego, ndiyo,” akajibu Havyarimana akisugua mkono. “Angeudaka.”

Akauokota, akamrudishia.

Tamimu akaegemea gongo lake. Alikuwa ametoka jasho jingi kuliko mtu aliyerushiwa mpira mmoja tu. “Mwezi ujao ni zamu yenu kuja Kibondo,” akamwambia Hilali. “Na huyu mje naye.”

“Tutakuja naye.”

Melkiadi alikuwa akirudi mwanzo wa mbio zake. Hilali akachuchumaa, akakunjua viganja, na pembeni ya jicho akamwona Havyarimana anapiga hatua moja kando.

“Mbona umesogea?”

“Nampisha mwenyewe,” akasema Havyarimana, macho yake kwa mrushaji.

Hilali hakuuliza nani. Akainua mkono, Melkiadi aje.