Gumba ya Consolée

Jamani! Leo niko kwa Consolée, musuka nywele wa mutaa wa Ngagara. Nusu ya kichwa yangu ilikuwa tayari, na kesho asubuhi natetea mémoire yangu, kitabu cha kumaliza masomo ya kine, kazi ya kunyoosha viungo, mbele ya maprofesa. Mara kitana kikaanguka. Consolée akashika mukono wake, machozi inatoka.

"Kidole gumba inaniunguza kama moto!"

Nikamuambia afunge gumba ndani ya ngumi, halafu ainamishe ngumi upande wa kidole kidogo. Akalia, "Mama yangu!" Mi nikashtuka: ni ugonjwa ule ule niliandika ndani ya mémoire yangu! Ule mushipa unaovuta gumba umevimba, juu ya kusuka miaka kumi bila kupumzika.

"Dada, usisuke wiki tatu."

"Na kichwa yako, we mutoto? Utaenda nusu?"

Hapo akaingia bwana yake Prodige, ule mulinzi wa manyumba ya mutaa wa Kigobe, asiyecheka na mutu. Akavua kofia, akanawa mikono, akaokota kitana. Nikaruka kwenye kiti!

"Tangu Noeli muke yangu ananifundisha kusuka ku kichwa ya binti yetu," akasema. "Tuliza shingo, mademoiselle."

Sasa naangalia kioo. Upande wa Prodige ndio umenyooka zaidi! Consolée ameona pia. Amenuna, gumba ndani ya barafu.