Paipu ya Friji ya Mwalimu Cleophas

Watu wakistaafu hufuga kuku. Mwalimu Cleophas Shikanga alistaafu akaanza kuwafundisha mafundi kazi yao.

Alifika gereji yangu hapa Kakamega asubuhi na Peugeot yake kuukuu. Mkewe, Rachael, alikuwa ameketi upande wa kushoto, amepakata hotpoti ya ingokho, yaani kuku wa kienyeji, ya kumpelekea dada yake aliyelazwa hospitali ya Iguhu. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu hadi inavuja. Nikamwambia Mwalimu tununue paipu ya chuma ya breki, au ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Akacheka, akatoa kwenye buti paipu ya shaba nyekundu iliyoviringwa. Alikuwa ameinunua mwenyewe kwa fundi wa friji, maana sisi mafundi wa magari, kwa imani yake, ni wezi sote.

"Shaba haishiki kutu," akasema. "Nimefundisha fizikia miaka thelathini, Ayuma. Wewe ulisoma wapi?"

"Haishiki kutu, Mwalimu, lakini inachoka. Gari likitikisika kila siku, inapasuka. Na breki inasukuma mafuta kwa nguvu kushinda friji yako."

"Funga."

Nikafunga. Naam, nilifunga, tena kwa roho mbaya. Nilijua gari halishuki kwenye jeki kabla ya kutoa upepo kwenye paipu za breki, na ili upepo utoke lazima mtu akanyage pedali. Nilitaka awe yeye, mbele ya gereji nzima. Lakini profesa wangu hakuwa wa kuamrishwa na mwanamke aliyelala chini ya gari lake.

"Mama Elvis, hebu kanyaga wewe," akamwambia mkewe, akafungua gazeti.

Rachael hajawahi kuendesha hata baiskeli. Akahamia kwenye usukani, hotpoti ikabaki kitini.

"Kanyaga, mama. Shikilia. Achia."

Alikuwa makini kuliko wasaidizi wote niliowahi kuwa nao. Upepo ukaisha, pedali ikawa ngumu.

"Sasa kanyaga na nguvu zako zote, kama umeona mtoto barabarani."

Akakanyaga. Shaba ikapasuka pale mdomo wa paipu ulipofungwa, mafuta ya breki yakanimwagikia shingoni. Mwalimu hakuinua hata macho.

"Amekanyaga vibaya," akasema. "Wanawake hawana kipimo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Na mkuu asiyesikia la fundi, je, huvunjika guu la nani? La mkewe, anayeketi kushoto kila safari. Hilo ndilo lililonichemsha damu.

Rachael akashuka polepole, akiutazama mguu wake.

"Baba Elvis, mguu wangu umefika chini kabisa. Haukukuta kitu."

"Nimesema ulikanyaga..."

"Miaka arobaini naketinga hapo kando yako, kila mteremko naomba Mungu kimoyomoyo. Nilidhani ni mimi mwoga."

Akachukua hotpoti yake, akanigeukia. "Fundi, weka ile paipu ulisema. Mimi naenda na boda."

Mwalimu akasimama, gazeti mkononi. "Na mimi?"

"Wewe baki hapa ufunzwe," Rachael akasema, akaita boda.