Boksi la Pembeni

Evelyn ni mtoto wa shangazi yangu. Anasoma Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Holili, kwa sababu baba yake anavusha mitumba na biashara imemkubali. Baba yangu ana kahawa, na kahawa siku hizi watu wanang'oa wapande nyanya. Kwa hiyo mimi nasoma hapa hapa mlimani, na Kiingereza changu ni cha kujibia mtihani. Cha kuongea sina.

Desemba hii baba mdogo Aminieli alikuja Krismasi na gari limejaa maboksi. Ni daktari, ila hatibu mtu. Anakusanya tafiti. Alituambia swali lake ni moja: watoto wa shule wakipewa vidonge vya minyoo, wanaongezeka uzito au hawaongezeki? Anatafuta kila aliyewahi kupima, anasoma wote, halafu anatoa jibu moja la kupeleka wizarani.

"Mmoja wenu nitaondoka naye Dar, anisaidie mpaka shule zifunguliwe," akasema.

Mimi sijawahi kuvuka Same. Na nataka kuwa daktari, ila hilo sijamwambia mtu.

"Evelyn, njoo," baba mdogo akaita. "Tafiti za Kiingereza weka mezani. Zilizobaki tia kwenye lile boksi, pembeni."

"Hata za Kiswahili, mjomba?"

"Hata hizo. Jarida litakalochapisha kazi yangu halizitaki."

Basi Evelyn akakaa barazani kama karani wa benki, miguu kaikunja, anasoma kwa sauti kile Kiingereza chake cha puani. Mimi nikaambiwa nioshe vikombe. Nilivyokuwa namwonea wivu, nilitamani chai imwagikie sketi yake.

Siku ya pili nikaanza kusoma zile za boksini, maana ndizo zilizokuwa zimebaki kwangu. Zilikuwa za zahanati na maofisa afya, zimepigwa chapa kwa mashine ya zamani. Moja ilikuwa ya Kifaransa, hiyo nikaiacha. Za Kiswahili nilisoma zote. Karibu zote zilisema hivyo hivyo: vidonge tumegawa, watoto tumepima, uzito haukubadilika. Nikachungulia za mezani, kule mwisho wanapoandika jibu. Zote zilisema watoto wameongezeka uzito.

Nikamfuata Evelyn jikoni, anamenya ndizi za kupika machalari.

"Zilizofanikiwa ndizo zimeandikwa Kiingereza," nikamwambia. "Zilizoshindwa ziko boksini. Jibu la baba mdogo litakuwa la upande mmoja."

Akaacha kisu. "Kamwambie."

"Siwezi."

"Wewe Doris, utaolewa kwa barua. Baba mdogo wako huyo, siyo simba."

Sikwenda. Jioni, tunakula, Evelyn akamwaga yote kwa Kiingereza. Neno "Doris" sikulisikia hata mara moja. Baba mdogo akaweka kijiko chini, akamtazama kama amemwona leo.

"Huyu ndiye naondoka naye," akasema.

Nikaenda kulala na njaa. Nilimchukia kwa kuiba, halafu nikamchukia zaidi kwa sababu aliisema vizuri kuliko ambavyo ningeisema mimi.

Asubuhi nilikuwa kihambani, chini ya migomba yetu, nakata majani ya ng'ombe. Evelyn akaja na jani la sale mkononi, amelifunga fundo. Hakunitazama.

"Nisamehe, dada."

Nilitaka kumwambia aliweke anapojua. Lakini sale halikataliwi. Mchagga akikuletea sale, umeshasamehe, hata kama moyo bado unachemka. Nikalipokea. Ila na mimi nikakumbuka jambo: ukionekana na sale, wakubwa lazima waulize ni la nini.

Nikaenda nalo mpaka barazani, nikasimama mbele ya baba mdogo nimelishika.

"Sale? Nani kakupa?"

Nikamwonyesha Evelyn kwa kidevu, alikuwa nyuma yangu.

"Kwa kosa gani?"

Evelyn akajibu, "Yale ya jana aliyagundua yeye, mjomba. Mimi nilisema tu."

"Mbona hukusema mwenyewe, Doris?"

Nikaangalia vidole vya miguu.

"Anaogopa," Evelyn akasema. "Na wewe, mjomba, ndiye uliyesema za Kiswahili pembeni."

Baba mdogo akaenda kulibeba lile boksi mwenyewe, akalimwaga mezani juu ya zile nyingine.

"Kazi imeanza upya," akasema. "Hiyo ya Kifaransa nitatafuta padri anisomee. Doris, kajiandae. Hizi tutazisoma mimi na wewe Dar."

Nilitegemea Evelyn alie. Hakulia. Mchana akaingia chumbani na begi lake, lile lenye magurudumu, akamwaga nguo zake kitandani.

"Chukua hili. Lako litakuaibisha Dar."

Nimepanga nguo zangu humo usiku huu, yeye amelala hapa pembeni yangu. Begi ni zuri, zipu zake zote zinafunga. Hilo nalo limeniuma.