Mkufu wa Shaba kwenye Udongo Mwekundu

Ndululu aliwahi kuwaapia watu wa Tulia kwamba mashine yake ya kutafuta vyuma ilinusa baiskeli ya chifu wa mkoloni, imezikwa kina cha kisima, na kengele ya baiskeli ikaitika. Walicheka, naye akacheka nao. Lakini asubuhi hiyo, kwenye shamba la dadake juu ya Kikima, mzaha ulimkauka mdomoni.

Dada huyo, Kanyiva, alitaka kujua jambo moja tu kabla tingatinga halijafika kuchimba silanga, bwawa la kukingia maji ya mvua. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya siku ya nne, ile siku ambayo kwa mila ya Wakamba baba humvika mtoto mkufu wa shaba akahesabiwa mtu. Kanyiva alikuwa hajitambui kwa homa. Mumewe, Mulinge, alimzika peke yake. Alipoulizwa kuhusu mkufu, alisema ameutupa bondeni. Yeye ni shemasi, hayo ni mambo ya kishenzi. Kaburi liko wapi hakusema, hadi naye akafa.

"Nikijua alivikwa, nitatulia," Kanyiva alisema. "Kama hakuvikwa, basi mwanangu alizikwa kama paka."

Ndululu akawasha mashine. Ikalia kama nguruwe anayeshikwa miguu.

"Umepata?"

"Bado, dada. Ni udongo huo. Kwetu Tulia ni mchanga, unanyamaza. Huu wenu mwekundu umejaa chuma, kila bonge linajidai ni jembe."

Akapunguza usikivu, kelele zikabaki. Ilibidi aifundishe mashine udongo wa hapo. Kazi hiyo hufanywa mahali safi, pasipo na msumari wala bati: unainua na kushusha sahani ya mashine karibu na ardhi huku ukizungusha kitufe, mpaka mashine inyamaze. Kuanzia hapo, chochote kilichokuwa chini ya sahani wakati huo inakihesabu kuwa udongo tu. Ndululu akachagua kipande kidogo kando ya mbaazi, ambacho hakikuwa kimelimwa. Akaifundisha hapo vizuri. Mashine ikatulia.

Wakazunguka shamba lote. Wakapata mpini wa sufuria na kifuniko cha soda.

"Soda ya nani?" Kanyiva akaguna. "Mulinge hata kwa harusi yetu hakununua soda."

Walipofika kwenye ua wa mwisho, tingatinga lilikuwa linasikika likipanda mlima. Kanyiva akajifunga leso upya. "Basi aliutupa kweli," akasema, akaanza kurudi nyumbani.

Ndululu akamfuata, akitafuta neno la kumfariji. Akauliza tu, "Na hapa kando ya mbaazi, mbona hapalimwi?"

"Mulinge alisema chini kuna mwamba. Hata mimi alinikataza kupagusa."

Ndululu akachomeka fimbo yake. Ikazama hadi nusu, laini. Hapakuwa na mwamba. Alikuwa ameifundisha mashine kunyamaza juu ya kitu kile kile walichokuwa wakikitafuta.

Akakimbia katikati ya mahindi, akaifundisha upya, akarudi. Sahani ilipopita, mashine ikatoa mlio mwembamba. Akarudia. Mlio ukarudi pale pale.

Kanyiva akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Mvua ilikuwa imeukwangua mteremko ule mwaka baada ya mwaka, hivyo hakuchimba sana. Pete ndogo za mkufu wa shaba, zimegeuka kijani, zimeshikana. Akaacha kuchimba.

"Alimvika," Ndululu akasema.

"Alimvika," Kanyiva akaitikia. Kisha sauti ikavunjika. "Kitanda kimoja maisha yote, Ndululu. Anasikia nikilia, anageukia ukuta. Kwa nini hakuniambia?"

Ndululu, ambaye hakuwahi kukosa hadithi, alikuwa nayo tayari: kwamba Mulinge alimnong'onezea siri hiyo siku moja, akamwomba amfikishie mkewe. Akafungua kinywa. Akamtazama dadake, akakifunga.

Mulwa, mwanawe Kanyiva, akaita kutoka barabarani: wenye tingatinga waanzie wapi?

"Mwambie wachimbe kule chini, karibu na mkondo," Kanyiva akasema bila kugeuka.

Ndululu akaenda kuwaonyesha. Nyuma yake alimsikia dadake akizungumza na Mulinge kwa Kikamba, polepole, akimtukana na kumwita mpenzi kwa pumzi moja.