Mkuyu wa Mwalimu Jescah

Wewe unayenisikiliza, hebu tegua hiki: nyumba yangu haina mlango, wageni wanakula darini, na wakishiba hawaagi. Umeshindwa? Basi nipe mji: nipe Matungu yote pamoja na miwa yake. Ni mkuyu uliozaa, ndege wakijaa juu.

Mkuyu wenyewe ulikuwa bado mche wa kufika magotini, nyuma ya darasa la sita, katika shule moja karibu na Isecheno, kando ya msitu. Mwalimu Jescah na wanafunzi wake walikuwa wameacha nyasi za pale zisifyekwe, wakapanda maua ya kuita vipepeo, wakafukia beseni kuukuu likawa kidimbwi cha vyura. Mwisho, mwaka ule wa tisini na nne, Jescah akautia mche shimoni kwa mikono yake, darasa zima likipiga makofi.

Na huku kwetu mwanamke hapandi mti. Akipanda, wanasema, anamzika mumewe.

Osundwa, mume wake, alikuwa kitandani na kifua tangu kabla ya mvua. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Mti ulipopandwa tu, akazidiwa.

Jumamosi mama mkwe, Maximilla, akaingia jikoni na jembe begani.

"Jescah, ule mti wa shule ulipandwa na nani?"

Jescah akaendelea kusonga obusuma, ule ugali wetu. Akisema ni yeye, mkuyu unang'olewa leo, na pengine yeye naye anarudishwa kwao. Akimsingizia mvulana, darasa lote lilikuwa limeona.

"Leo mdomo umeuacha wapi? Huko shule unaongeanga kama redio!"

"Mama, ndege wameanza kuja pale. Hata wale wa msituni."

"Ndege ndio watanirudishia mtoto wangu akifa?"

Hofu ilikuwa imemwingia hata Jescah mwenyewe. Kila Osundwa alipokohoa, alijiuliza kama si heri jembe liung'oe ule mti.

"Basi naenda," Maximilla akasema. "Mti usio na mwenyewe hauna wa kuulilia."

Pazia la chumbani likasogea. Osundwa alikuwa amesimama, blanketi mabegani, ameshika ukuta. Yeye ambaye siku ya kupanda hakuweza hata kufika mlangoni.

"Mama, weka jembe chini. Umeuliza nani alipanda."

Akakohoa, akangoja pumzi irudi. Maximilla akamtazama mwanawe, kisha mkaza mwanawe.

"Ni mimi," Osundwa akasema.